Honda VFR800 kwa Matumizi ya Kila Siku Dar es Salaam: Starehe Huanzia kwenye Matengenezo

Honda VFR800 ni pikipiki iliyokusudiwa mtu anayetaka kwenda mbali kwa kasi na kufika bila maumivu ya mgongo, lakini mimi huitumia zaidi kwa safari fupi ya kutoka Mbezi hadi Posta asubuhi na kurudi jioni, siku zote za kazi, katika joto na foleni. Yangu ni ya kizazi kilichoanza mwaka 2002, chenye mfumo wa VTEC, unaobadilisha idadi ya vali zinazofanya kazi kulingana na mzunguko wa injini, na ekzosi zinazotokea chini ya kiti, na ililetwa kutoka Japani ikiwa imetumika, kama vyombo vingi vya moto vinavyoteremshwa bandarini kwetu. Asili hiyo ina faida ambayo wanunuzi wengi hawaifikirii: Wajapani nao huendesha upande wa kushoto, kwa hiyo mwanga wa taa ya mbele umekatwa kwa namna inayozifaa barabara zetu, tofauti na pikipiki iliyotoka Ujerumani au Ufaransa, ambayo taa yake humpiga machoni dereva anayekuja. Toleo la soko la Japani lilipunguzwa nguvu hadi farasi 80, ilhali la nchi nyingine lilikaribia 109, na sijawahi kuona sababu ya kuwatafuta farasi waliopotea. Katika foleni ya Ubungo hata 40 wangetosha.

Wenye pikipiki za aina hii wakianza kulalamikia viganja vinavyokufa ganzi, mgongo unaouma au mashine inayorukaruka katika mwendo wa polepole, jambo la kwanza wanalolifanya ni kuagiza vifaa. Msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya kero hizo ni matengenezo yaliyocheleweshwa, na kwamba ni vigumu hata kujua ni kifaa gani unachokihitaji kabla pikipiki haijarudi katika hali yake halisi.

Chukua mfano wa kurukaruka kwenye foleni, yaani ule mshtuko unaousikia kila unapofungua na kufunga mkono wa mafuta ukiwa katika gia ya kwanza au ya pili. Injini ya V4, yaani ya silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V, yenye mfumo wa sindano za kunyunyizia petroli hulaumiwa bure kwa tabia hiyo, wakati chanzo chake huwa ni ulegevu mdogomdogo uliojilimbikiza mahali kadhaa kwa wakati mmoja. Waya wa mafuta unapaswa kuwa na nafasi ya kuzunguka milimita chache tu kabla haujaanza kuvuta. Ukilegea zaidi ya hapo, mkono wako hupita kwenye utupu na kisha nguvu zote huja kwa mpigo. Cheni iliyolegea huongeza utupu mwingine. Mipira inayokaa ndani ya habu ya gurudumu la nyuma, ambayo kazi yake ni kumeza mshtuko kati ya sproketi na gurudumu, hukauka na kupungua kadiri miaka inavyokwenda, na kwa kuwa haionekani bila kufungua, hakuna anayeikumbuka. Mwisho kuna ulinganifu wa hewa inayoingia katika silinda nne, ambao hupimwa kwa geji za utupu injini ikiwa imepata moto. Nilipozipitia sehemu hizo kwa utaratibu, pikipiki ilianza kutembea kwa utulivu nyuma ya daladala bila kunilazimisha kucheza na klachi muda wote, na mkono wa kushoto ukaacha kuuma jioni.

Cheni yenyewe inastahili maneno zaidi, kwa sababu vumbi la barabara zetu za mitaani na mchanga wa pwani huila haraka. Cheni za kisasa zina vipete vya mpira vinavyofungia grisi ndani ya viungo, na adui wa vipete hivyo ni petroli na brashi ya chuma, vitu viwili ambavyo fundi wa bodaboda huvishika bila kuuliza. Mafuta ya taa yanatosha kabisa kuisafisha, tena yanapatikana kila mahali, na baada ya hapo unapaka oili nzito ya gia, SAE 80 au 90, kwa kiasi kidogo, cheni ikiwa bado na joto la safari, kisha unafuta inayozidi. Mimi hufanya hivyo karibu kila kilomita 1,000, na mapema zaidi wakati wa masika. Kwenye VFR kukaza cheni ni kazi nyepesi, kwa sababu mkono wa nyuma ni wa upande mmoja na habu yake huzungushwa kwa spana maalumu baada ya kulegeza boliti moja ya kubana. Hakuna haja ya kulinganisha alama za pande mbili. Kinachosahaulika ni kupima ulegevu mahali palipokaza zaidi, kwa kuzungusha gurudumu na kupima sehemu kadhaa, maana cheni haichakai sawasawa kote.

Baada ya hayo ndipo linapokuja suala la mwili. Usukani wa VFR umefungwa chini kuliko wa pikipiki ya kawaida, jambo linalofaa katika mwendo wa kilomita 110 kwa saa, ambapo upepo hukubeba kifua, lakini katika mwendo wa foleni uzito wote wa kiwiliwili huangukia viganja. Vipande vya kuinua usukani kwa sentimita mbili au tatu hubadilisha mengi, ila kabla ya kukaza boliti ni lazima kugeuza usukani hadi mwisho kushoto na kulia, injini ikiwa inaunguruma, na kuangalia mambo matatu: mipira inayopitisha mafuta ya breki na ya klachi isivutike, swichi zisiguse kava wala tangi, na mzunguko wa injini usipande wenyewe, kwa kuwa ukipanda ina maana waya wa mafuta umekuwa mfupi. Kuna rekebisho jingine lisilogharimu hata shilingi moja, nalo ni kuzishusha au kuzipandisha lever za breki na klachi ili vidole vifuate mstari wa mkono bila kukunja kifundo. Nashangaa ni pikipiki ngapi zinauzwa na kununuliwa bila mtu yeyote kugusa boliti hizo.

Kiti ndicho nilichokifikiria kwa muda mrefu zaidi. Kwa asili kimeinama kuelekea mbele, kwa hiyo kila unapofunga breki unateleza hadi kwenye tangi, na baada ya nusu saa unakuwa umekalia sehemu nyembamba kuliko zote. Viti vilivyotengenezwa na makampuni ya nje vipo, lakini bei yake pamoja na usafiri na ushuru inatosha kununua seti ya tairi, ilhali Dar es Salaam ina mafundi makochi hodari, na wengi wao wako Keko. Shida ni kwamba fundi kochi amezoea kutengeneza kitu kinachopendeza ukikikalia dukani. Sponji laini ya kochi humeza uzito wako, na kufikia dakika ya ishirini umekaa juu ya plastiki. Kinachotakiwa ni sponji ngumu, ile ambayo ukiibonyeza kwa kidole gumba inakataa kidogo, ikatwe ili sehemu ya kukalia iwe tambarare na pana nyuma, huku pembe za mbele zikibaki nyembamba ili miguu ifike chini vizuri. Jalada liwe la kitambaa kisichoteleza, na mishono isipite pale unapokalia, kwa sababu huchoma na pia huingiza maji ya mvua, na sponji iliyolowa haikauki kwa urahisi. Mwambie fundi asitupe sponji ya awali. Ukitaka kuiuza pikipiki siku moja, mnunuzi ataitaka.

Kuhusu kioo kirefu cha mbele nina maoni ambayo wenzangu wa safari ndefu hawayapendi. Kioo kirefu ni kizuri ukielekea Iringa alfajiri, lakini katika jiji lenye joto la nyuzi 32 na unyevu mwingi kinakunyima upepo pekee ulionao. Nimebaki na kile cha kiwandani.

Joto, kwa hakika, ndilo jaribio kuu la pikipiki hii hapa kwetu. VFR ina rejeta mbili zilizowekwa ubavuni badala ya moja ya mbele, na hewa inayozipitia hutokea karibu na magoti yako. Ukisimama kwenye foleni, namba ya joto kwenye dashibodi hupita nyuzi 100 kidogo kidogo, feni huwaka, na hali hiyo si ugonjwa. Ugonjwa ni pale mapezi ya rejeta yanapozibwa na vumbi na wadudu, au kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini, inapokuwa ya miaka mingi, au mtu anapojazia maji ya bomba yenye chumvi ambayo huacha ukoko ndani. Mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji yaliyochujwa kwa mvuke, ukibadilishwa kila baada ya miaka miwili, unatosha. Mapezi huoshwa kwa maji yasiyo na presha kubwa, kwa sababu mashine za kuoshea magari hukunja mapezi hayo kwa sekunde chache. Chini ya kiti nimebandika karatasi ya kuzuia joto yenye uso wa alumini upande unaotazama ekzosi, na tofauti yake inasikika zaidi saa za mchana.

Joto hilohilo linaathiri umeme. Regyuleta, yaani kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji betri, ya kiwandani ya pikipiki nyingi za umri huu hufanya kazi kwa kuufupisha umeme unaozidi, na ziada hiyo hugeuka joto, kwa hiyo kadiri unavyowasha vitu vichache ndivyo inavyochemka zaidi. Kwa hali ya hewa yetu niliona ni busara kuweka aina inayokata mkondo badala ya kuufupisha, mfano wake ukiwa SH775 ya kampuni ya Shindengen, na kuifunga mahali penye hewa. Iwe unabadilisha au la, kipimo cha kila mwezi ni rahisi: weka mita kwenye betri, pandisha injini hadi mizunguko 5,000, na usome kati ya volti 13.5 na 14.5. Kagua pia soketi yenye nyaya tatu za njano zinazotoka kwenye jenereta. Ikiwa plastiki yake imebadilika rangi, kuna kutu ndani na joto linajijenga hapo. Pwani hewa ina chumvi, na grisi ya umeme kidogo ndani ya kila soketi ni kinga ya bei ndogo.

Shokapu huja na marekebisho ambayo wengi hawajawahi kuyagusa. Funga kamba ya plastiki kwenye bomba la fok ya mbele, yaani shokapu ya gurudumu la mbele, keti ukiwa umevaa kama unavyovaa kazini huku mtu mwingine akiishika pikipiki, shuka taratibu, kisha pima ilivyozama kutoka pale inapokuwa imenyooka kabisa. Milimita 30 hadi 35 ni kipimo kizuri. Ikizama zaidi, itagonga mwisho wake kwenye kila tuta. Ikizama pungufu, kila kiraka cha lami kitafika mabegani. Nyuma kuna kitasa cha kukaza springi kwa kuzungusha kwa mkono, na mimi hukikaza ninapompakia mke wangu, kisha nakilegeza tena Jumatatu. Oili ya fok nayo huzeeka kimyakimya.

Upepo wa tairi ni PSI 36 mbele na 42 nyuma, ukipimwa tairi zikiwa za baridi, na geji za vituo vya mafuta usiziamini mpaka umezilinganisha na yako. Unaponunua tairi soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi iliyolala ghalani miaka mingi huwa ngumu hata kama meno yake ni mapya.

Breki nimeziacha kwa fundi mwenye kitabu cha huduma cha pikipiki hii, na hapo sibishani na mtu. Mfumo wake umeunganishwa: kalipa ya kushoto ya mbele hujisogeza kidogo unapofunga breki na kusukuma masta silinda ndogo (pampu ya mafuta ya breki) inayoiendesha breki ya nyuma, hivyo kutoa hewa kunafuata mpangilio maalumu, na fundi aliyezoea pikipiki za kawaida atamaliza chupa nzima ya mafuta ya breki ya DOT 4 huku pedali ikibaki laini. Mafuta hayo hunyonya unyevu, nao hapa haukosekani, kwa hiyo miaka miwili ndiyo mwisho wake. Wakati kalipa hiyo iko nje, mwombe asafishe na kupaka grisi egemeo lake, kwa sababu likikauka breki ya nyuma hubaki imeshika kidogo, gurudumu huwa zito kusukuma, na mafuta ya petroli yataisha haraka bila wewe kujua kwa nini.