Maji Yalipopwa Shela

Punda alikuwa na uhai 45. Ndiye adui wa kwanza katika gemu yangu: mchezaji anatoka Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, ambao sisi twauita Amu, anashika njia ya pwani kwenda kijiji cha Shela, na baada ya hatua chache skrini inaingia giza, ngoma inalia, punda amesimama mbele yake. Babu alipomwona aliweka kikombe cha kahawa chini.

"Huyu ana nini?"

"Ni adui, babu."

"Adui wa nani?"

Ilikuwa Desemba 2017, baada ya Isha, tumekaa barazani mbele ya nyumba yetu Langoni. Nilikuwa na miaka 19. Mchana nilimsaidia ami yangu dukani, na usiku ulikuwa wangu. Kwa miezi minane nilikuwa nikijenga RPG, yaani gemu ambayo mchezaji anavaa nafsi ya mhusika mmoja, anatembea katika nchi yake, anasema na watu, anapigana, anakua. Nilitumia RPG Maker MV, programu ya Kijapani iliyotoka 2015. Inamfaa mtu kama mimi ambaye hakusomea kompyuta, kwa kuwa ramani, orodha ya maadui na hesabu za mapigano huja tayari, kazi yako ni kuzijaza. Ami ndiye aliyeninunulia bei iliposhuka, na sijaisahau fadhila ile.

Babu alikuwa nahodha. Miaka mingi alipeleka boriti za mikoko kwa jahazi, na wakati huo alikuwa haendi tena baharini. Nilimwita aone kwa sababu ramani ilikuwa ya mji wake. Nilichora ngome, gati, vichochoro, misikiti, mchanga wa njia ya Shela. Nilitaka afurahi, na kwa dakika kama kumi alifurahi kweli. Aliniambia mlango wa nyumba moja nimeuelekeza kusiko, nikaurekebisha papo hapo huku anatazama. Ndipo akatokea yule punda.

Nieleze alitokeaje. Katika RPG Maker kila ramani ina mahali pa kuandika vikosi vya maadui, na karibu yake pana namba ya hatua. Ukiiacha kama ilivyokuja, yaani 30, basi kwa wastani kila baada ya hatua 30 mchezaji anavamiwa. Adui haonekani akija. Mtindo huo ulishika mizizi katika gemu za Kijapani tangu Dragon Quest ya 1986, nami nilikuwa nimecheza nyingi za namna hiyo kwenye simu, kwa hivyo niliona ndivyo RPG inavyotakiwa kuwa. Njiani nikaweka punda, kaa, kunguru na paka. Hatua 30, punda. Hatua 30, kaa watatu. Mchezaji anawapiga, anapata pointi za uzoefu, anasonga mbele. Niliogopa kwamba njia isiyo na vita itamchosha.

"Punda wa Amu hubeba mawe, hubeba mchanga, hubeba hata wagonjwa," babu akasema. "Amekukosea nini?"

Nikamweleza kwamba shujaa lazima apate nguvu kabla ya vita vya mwisho.

"Kwa hivyo wamuua punda wa mtu ili upate nguvu."

Aliniambia niendelee. Wakaja kaa. Akasema kaa akimwona mtu hukimbilia shimoni, hamfuati. Akaja paka, na hapo hakusema neno, alinitazama tu. Kila pambano aliuliza lile lile kwa njia nyingine: huyu ataka nini, wewe wataka nini, mmoja wenu akiondoka kutakuwa na hasara gani. Hakuwa ananisumbua. Alikuwa anajaribu kwa moyo wote kufuata hadithi yangu, na hadithi ilikuwa inakatika kila hatua 30.

Nikachukua daftari nikaanza kupitia vikosi vyote, yeye pembeni yangu. Vilikuwa 64. Kwa kila kimoja nilijaribu kuandika mstari mmoja: adui anapigania nini. Mingi nilijikuta naandika "yuko njiani", na kuwa njiani si sababu. Vilivyobaki vyenye sababu ninayoweza kuitetea vilikuwa tisa. Nakumbuka nilihisi joto usoni. Niliwahi kudhani kwamba ugumu wa kutengeneza pambano ni namba, kwamba ukipata uhai na nguvu zikalingana basi kazi imekwisha. Na namba zangu zilikuwa nzuri! Hesabu inayokuja na programu ni rahisi: nguvu ya anayepiga mara nne, toa ulinzi wa anayepigwa mara mbili. Nilikuwa nimeipima wiki nzima kwa ajili ya punda asiye na ugomvi na mtu.

Katika vile tisa, vitano vilikuwa vya arusini.

Kuna mahali katika gemu shujaa anapita Langoni anakuta arusi, na vijana wanacheza kirumbizi. Watu wameweka duara, zumari inalia, wawili wako kati na fimbo zao. Babu alisogea karibu na skrini. Hapo hakuuliza adui wa nani. Kijana anayeingia kirumbizi anajua kilichomwingiza: arusi ni ya mwenzake, watu wanatazama, na jina la mtaa wake liko juu ya ile fimbo. Anayezidiwa anatoka, mwingine anaingia, na asubuhi mnakutana sokoni mnapeana mkono. Mapigano yale niliyaunda bila kufikiri kwa kuwa nimekulia pembeni ya duara hilo. Uhai wa mmoja ukishuka hadi robo, pambano linakoma, naye anarudi kwa wenziwe. Hakuna anayekufa.

Lakini hata hapo alinisahihisha. "Hawa mbona wapiga tu? Fimbo ni kukinga kwanza." Alisema kweli. Katika programu ile ukichagua kukinga, pigo linalokujia linapunguzwa nusu, basi, na zamu yako imekwenda bure. Mchezaji mwenye akili hachagui kukinga hata siku moja, kwa sababu kupiga kunamaliza mambo upesi. Usiku ule ule nilibadilisha: anayekinga sawasawa, zamu inayofuata pigo lake lina nguvu maradufu. Pambano likageuka. Ghafla ukawa unamtazama mwenzako, unakisia, unangoja. Babu akalicheza mara tatu mfululizo, kidole kimoja, akacheka aliposhinda.

Ningeacha hapo ningelala vizuri. Nikamfungulia vita vya mwisho.

Vilikuwa vita vya Shela. Mtoto wa Amu hahitaji kuelezwa, ila kwa msomaji wa mbali: kati ya 1812 na 1813 watu wa Pate, kisiwa jirani, na Mazrui, watawala wa Mombasa, waliungana wakaja na jeshi kuitia Amu mkononi, wakashuka Shela. Waamu wakatoka kuwakabili, wakawashinda. Walioshindwa wakakimbilia vyombo vyao, wakakuta maji yamekupwa na vyombo vimekaa juu ya mchanga, na wengi waliuawa pale pale ufukweni. Baada ya ushindi Amu iliomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, na ile ngome tunayopita kila siku ilikamilika karibu mwaka 1821. Katika gemu yangu yote hayo yalikuwa jitu moja jeusi lenye uhai 3,000, na nyuma yake askari wa Pate wenye macho mekundu. Unapiga, unakunywa dawa, unapiga, mpaka lianguke. Nyuma kabisa niliweka picha ya bahari.

Babu aliitazama picha ile muda mrefu.

"Maji haya yajaa au yapwa?"

"Ni picha tu, babu."

"Vita hivi ni maji, mwanangu. Ukiyaondoa maji hapana kitu." Kisha akawaonyesha wale askari. "Na hawa wenye mato mekundu ni wajomba zako."

Mama yake bibi yangu ni mtu wa Siyu, kisiwani Pate. Nilijua hilo tangu mdogo na sikuwahi kuliunganisha na ile gemu. Watu wa Pate hawakuja kwa ushetani. Pate ilikuwa imezoea kuwa na neno la mwisho juu ya Amu, na biashara ilikuwa inahamia bandari yetu. Mtu anaweza kuona kwamba walikosea, na mimi naona hivyo, lakini walikuwa na sababu, na sababu yao ndiyo inayoipa uzito sababu ya anayelinda mji. Jitu jeusi halitaki kitu. Ndiyo maana kupigana nalo kunachosha, hata ulipe uhai kiasi gani.

Babu akaomba tende. Tulipozila akazipanga kokwa kumi na mbili juu ya baraza. Akasema maji yakianza kupwa yana saa sita hivi mpaka yafike chini, na hayaendi sawa. Saa ya kwanza akasogeza kokwa moja. Ya pili mbili. Ya tatu tatu, ya nne tatu tena, ya tano mbili, ya sita moja. Katikati ndipo yanapokimbia, na wakati wa bamvua yanakwenda mbali kuliko siku nyingine. Asiyejua bahari hutazama saa ya kwanza, akaona maji yako karibu pale pale, akajiona ana nafasi. Akigeuka saa ya nne, chombo kimelala ubavu.

Niliziangalia zile kokwa nikaona jedwali la vita vyangu: moja, mbili, tatu, tatu, mbili, moja. Mizunguko sita.

Siku tatu zilizofuata sikumbuki nilikula nini. Nilifuta vikosi 55. Nilifuta namba ya hatua, njia ya Shela ikawa njia ya kutembea, ukikutana na punda unampisha, na kama maji yamejaa unangoja au unazungukia mchangani juu. Vita vya Shela nikavijenga upya kutoka chini. Kila mzunguko bahari inashuka kwa kipimo cha babu, na picha inabadilika. Askari wa Pate wana macho ya watu, na kabla ya kuanza mmoja wao anasema walichokuja kutafuta. Waamu wachache hawawezi kuwamaliza, namba nimezipanga hivyo kwa makusudi. Kazi ya mchezaji ni kukinga na kushikilia ufukwe wakati bahari inafanya yake. Programu ile ina uwezo uitwao kukimbia ambao unaweza kumpa hata adui, na unaweza kuufunga kwa swichi. Mpaka mzunguko wa tatu, adui akizidiwa anakimbilia chombo na anaondoka hai. Kuanzia wa nne swichi inazima. Anakimbia, na maandishi yanatokea: chombo kiko mchangani. Anarudi anasimama. Mzunguko unaofuata anajaribu tena.

Nilifurahi na kazi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya.

Usiku wa nne nikamwekea babu kompyuta magotini. Alicheza polepole, kila mzunguko akiitazama bahari kabla ya watu. Wa kwanza, wa pili, akakinga. Wa tatu wawili wakaondoka, akasema "Haya, wende." Wa nne akanyamaza. Wa tano. Wa sita maji yalikuwa chini kabisa, vyombo vitatu vimelala, na mbele yake wamesimama askari wanne wenye uhai mdogo, wasiopiga tena, kwa maana niliwaandikia kukimbia tu na kukimbia kumefungwa. Chini ya skrini palikuwa na maneno matatu: Piga, Kinga, Dawa.

Kidole chake kilikaa juu ya kitufe.

"Pana kidude cha kuwawata?" Kuwata kwetu ni kuacha.

"Hakipo, babu. Waliuawa. Ndivyo ilivyokuwa."

"Wale washapita, nao na waliowaua. Hapa mwenye kidude ni mimi."

Gemu ya zamu haina haraka. Isipobonyezwa inangoja, muziki unarudi mwanzo, askari wanapumua juu na chini mahali pale pale. Babu alingoja nayo kidogo, kisha akanirudishia kompyuta mikononi kwa utaratibu, akatafuta viatu vyake kwa mguu, akaingia ndani kulala.

Mimi nilibaki barazani. Wale wanne walikuwa bado wamesimama. Nikaipunguza ile skrini bila kuifunga, nikafungua orodha ya uwezo wa shujaa, nikashuka mpaka kwenye mstari mtupu chini ya Dawa, nikaandika: Wawate.