Nilivyohifadhi diski nzima ya laptopu kabla ya kupiga Windows upya

Kila fundi niliyemwonyesha laptopu yangu alikuja na wimbo uleule: "Madam, tunafuta zote, tunapiga Windows mpya, nusu saa unaondoka nayo." Zote maana yake patishoni zote, yaani vipande vyote ambavyo diski imegawanywa. Mashine yenyewe ni Lenovo ya enzi za Windows 8.1, na ukiitazama kwenye Disk Management, ukurasa wa Windows unaoonyesha diski ilivyogawanywa, unakuta diski moja ya GB 500 imekatwa vipande lukuki: C, D yenye jina LENOVO, vipande vidogo vya kuwashia, halafu kule mwisho PBR_DRV, zaidi ya GB 10, haina hata herufi. Mafundi wanaiona kama nafasi inayoliwa bure. Humo ndimo ilimo Windows iliyotoka nayo kiwandani pamoja na madraiva yake, yaani programu zinazoendesha vifaa vya mashine. Ifute, na kile kitundu cha Novo, kitufe cha Lenovo unachokibonyeza kwa pini ya kutolea laini ya simu, hakiwezi tena kukurudishia hiyo Windows.

Ushauri mwingine niliupata ofisi ya walimu: "Kopi C yote, weka kwenye flashi, ukimaliza unairudisha." Asikudanganye mtu. Windows ikiwa inafanya kazi hairuhusu baadhi ya mafaili yake yaguswe, na hata ukifanikiwa kuyatoa yote, huwezi kuyamwaga kwenye diski tupu ukategemea mashine iwake. Na hizo patishoni zilizofichwa, ambazo huzioni, utazikopi vipi? Njia hiyo inafaa kwa picha na mitihani. Mitihani yangu niliikopi hivyo, kando, maana sina hamu ya kufungua nakala ya diski nzima kutafuta faili moja la Word.

Sasa huyo mwalimu mwenzangu, kwa wema wake, akaniazima na flashi. TB 2! Kanunua mezani, barabarani, elfu ishirini na kitu. Sikubishana naye. Nikaichomeka nikafungua H2testw, kiprogramu cha bure kisichotaka hata kusakinishwa. Kinaandika mafaili kwenye flashi, kisha kinayasoma yote kuona kama yamebaki yalivyoandikwa. Nikakiambia kiandike GB 100 tu, nikalala. Asubuhi kidirisha chekundu: kilichosalimika ni GB 30 na ushei. Flashi hizi hufundishwa kusema uongo. Windows inaonyeshwa TB 2, majina ya mafaili yanajipanga vizuri, ila yakishavuka ukubwa halisi yanafuta yaliyotangulia au yanapotelea hewani. Nikamwambia mwenzangu afungue video za harusi ya dada yake alizokuwa ametunza humo. Ya kwanza ikacheza. Zilizofuata zikagoma zote. Siku ile hakuna aliyenishauri tena habari za kompyuta, nami nilifurahi kuliko inavyopaswa.

Nikanunua diski ya nje ya TB 1, kwenye laki moja hivi, duka linalotoa risiti. Nayo niliipima kwanza, risiti au hakuna risiti.

Kazi yenyewe niliifanya kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima. Ni ya bure, unaiandika kwenye flashi ndogo kwa Rufus, kiprogramu cha kutengeneza flashi za kuwashia, unawasha mashine kupitia flashi hiyo. Menyu zake ni za kizamani, unatembea kwa mishale na Enta, ndiyo maana watu wanaikimbia. Chagua "device-image", kisha "savedisk". Watu wengi huchagua "saveparts" wakahifadhi C peke yake. "Savedisk" ndiyo inayobeba kila patishoni pamoja na ramani ya mgawanyo wa diski. Soma jina na ukubwa wa diski kabla ya kubonyeza chochote, iwe ndiyo unayoitaka.

Mwanzoni ilinigomea, ikidai Windows haikuzimwa. Nimeizima kwa mkono wangu! Kumbe Windows za siku hizi ukibonyeza Shut down zinasinzia tu, ili kesho ziwake haraka. Shikilia Shift huku unabonyeza Shut down, ndipo inazimika kweli. Nilipofanya hivyo ikakubali bila neno. Umeme ulikatika katikati ya kazi, betri ikabeba. Kwa kuwa Clonezilla inachukua sehemu zenye data tu na kuzibana, nakala ya diski ya GB 500 ilichukua chini ya GB 100 kwenye ile diski ya nje.

Hapa ndipo najisifu. Clonezilla ina kipimo cha kuhakiki nakala, nikakitumia, lakini sikutosheka. Nilikuwa na laptopu nyingine iliyokufa kioo, na diski yake ni GB 500 vilevile. Ukubwa ni muhimu, kwa sababu diski pokezi ikiwa ndogo kuliko ya mwanzo Clonezilla inakataa. Nikafungua skrubu za chini, nikatoa diski yangu halisi nikaiweka kabatini, nikaingiza ile ya zamani, nikarejesha nakala juu yake. Ikawaka, na picha yangu ya ukutani ileile. Nikaizima, nikachomeka pini kwenye kitundu cha Novo: menyu, System Recovery, na mtambo wa kiwandani ukafunguka kama siku ya kwanza. Hata ningebonyeza vibaya, diski yenye kazi zangu ilikuwa kabatini. Msichomeke tu diski mbili mapacha kwenye mashine moja kwa wakati mmoja, Windows inachanganyikiwa.

Baada ya hapo nikarudisha diski yangu, nikapiga Windows 10, nikifomati C tu. Najua, huduma yake ilikoma Oktoba 14, 2025, lakini Windows 11 haiitaki mashine hii, nami nimeisajili kwa ule mwaka wa nyongeza wa masasisho ya usalama. Wi-Fi haikuonekana mwanzoni; draiva yake nikaikuta D, kwenye folda iliyokuja na mashine, ileile D ya kufutwa. Ilipopata intaneti ikajiamsha leseni yenyewe, kwa kuwa Windows 10 ilishawahi kuamshwa leseni kwenye mashine hii. Fundi mmoja alikuwa ametaja elfu kumi na tano za ziada kwa "kuiactivate".

Sasa wameanza kuniletea za kwao. Wifi yangu kaleta ya Windows 11, na diski yake imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data ya diski, kitu ambacho hakuwahi kukisikia. Nimemwambia sigusi mpaka aingie kwenye akaunti yake ya Microsoft anipe ule ufunguo wa tarakimu 48. Amesahau nenosiri la akaunti, na laini ya simu aliyoisajilia aliitupa. Laptopu iko hapa mezani kwangu.