Wawili kwa baiskeli pwani ya kusini ya Kuba

Kwenye ramani njia hii inaonekana nyepesi. Trinidad hadi Cienfuegos ni kama kilomita 80, Cienfuegos hadi Playa Girón kama 90, kisha 35 hivi za mwisho hadi Playa Larga. Kwa mtu na mwenzi wake wenye mazoezi ya kawaida ni siku tatu, na sehemu kubwa ya barabara ni tambarare. Kinachowamaliza watu huku ni jua na upepo. Panga kila kitu kwa kufuata hivyo viwili, mambo mengine yatakaa sawa.

Nendeni magharibi. Upepo wa kawaida wa Karibi hutoka mashariki na kaskazini-mashariki, hutulia alfajiri na kushika kasi kadiri jua linavyopanda. Ukielekea Playa Larga unakusukuma. Ukigeuza safari unakukaba kifua. Miezi mizuri ni Novemba hadi Aprili, wakati wa kiangazi chao. Kuanzia Juni ni mvua, joto zito na msimu wa vimbunga.

Sasa piga hesabu ya jua. Kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa, kilomita 80 ni saa nne na nusu za kukanyaga, mapumziko mbali. Mkitoka saa moja asubuhi kunapopambazuka, adhuhuri mko kivulini. Mkisubiri kifungua kinywa cha saa tatu, nusu ya pili mtaimaliza jua likiwa utosini na lami ikirudisha joto usoni. Mwombeni mwenye nyumba jioni awafungie mkate na mayai. Katika nyumba za wageni za familia, wanazoziita casa particular, ombi hilo ni la kawaida.

Maji: kila mmoja aondoke na lita tatu, kwa kuwa kati ya Cienfuegos na Girón kuna vipande virefu visivyo na duka. Anayekanyaga kwenye joto hilo anahitaji kama nusu lita hadi lita moja kwa saa. Maji matupu hayatoshi, maana jasho linaondoka na chumvi, na anayekunywa mengi mno bila chumvi huanza kuumwa kichwa na kichefuchefu akidhani bado ana kiu. Bebeni pakiti za ORS, au changanyeni wenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta. Juisi ya miwa, guarapo, inauzwa kando ya njia na inarudisha nguvu haraka. Ombeni isitiwe barafu.

Hapa ndipo faida ya kuwa wawili inapoonekana. Mtu aliyezidiwa na joto mara nyingi hajijui. Mwenzi wako akianza kuyumba, kununa bila sababu, au kusisimka ngozi kama mwenye baridi, simameni hapo hapo. Kivuli, maji shingoni, kwapani na kwenye kinena, na mpepee. Akianza kuongea mambo yasiyoeleweka, hiyo ni dharura: endelea kumpoza huku ukitafuta gari la kumpeleka hospitali.

Kuhusu baiskeli nina msimamo mkali: ziwe mbili zinazovaa vipuri vya aina moja. Rimu sawa, valvu sawa, breki sawa, cheni sawa. Hapo tairi moja la akiba, tyubu nne na jozi mbili za mpira wa breki zinawatosha wote wawili. Chagueni inchi 26, si 700C, yaani saizi ya rimu za baiskeli nyingi za mbio na za safari. Baada ya mafuta ya Urusi kukatika, Kuba iliagiza baiskeli zaidi ya milioni moja kutoka China mwanzoni mwa miaka ya 1990, zikiwemo Phoenix na Forever tunazozijua sana kwetu. Lakini tairi la 28 la baiskeli hizo hukaa kwenye rimu ya milimita 635, wakati rimu ya 700C ni 622. Ukiwa na 700C, fundi atakupa pole tu.

Anayebeba spana, pampu na viraka akae nyuma. Akitangulia yeye, wa nyuma akipata pancha anabaki peke yake juani mikono mitupu.

Pancha zitakuwepo. Mkulagembe, kichaka cha miiba cha Afrika, umetapakaa Kuba kwa jina la marabú, kwa hiyo mkipumzika inueni baiskeli, msiziburute majanini. Na joto linalegeza kiraka kilichobandikwa kwa pupa. Kwangua tyubu vizuri, paka solusheni nyembamba, ngoja kama dakika tano mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike na kukandamiza kuanzia katikati kwenda kingo.

Kipande cha Girón hadi Playa Larga kina taabu yake. Mvua za kwanza zikikaribia, kuanzia Machi au Aprili, kaa wekundu hutoka msituni kwa maelfu kwenda kutaga baharini, na hukatiza barabara zaidi alfajiri na jioni. Magari huwaponda, na magamba yao hutoboa tairi kama vigae. Siku hiyo vunjeni kanuni ya alfajiri: ni kilomita 35 tu, tokeni saa tatu kaa wakishapungua, mfuate mstari ambao matairi ya magari yameusafisha. Katikati ya njia kuna Cueva de los Peces, shimo la maji lenye kina cha kama mita 70, zuri kwa kuoga kabla ya kumalizia.

Kurudi Havana, tafuteni teksi ya pamoja yenye keria juu. Fungueni pedali, geuzeni usukani, na mfunge baiskeli kwa kamba zenu wenyewe.