Siku ndege ilipodunda Mtwara

Ilikuwa kipindi cha kusi, tumetoka Dar na Cessna 172, ndege ndogo ya chuo chetu cha urubani, mwalimu kiti cha kulia, mwenzangu kashika usukani, mi nimekaa nyuma naangalia maana zamu yangu ilikuwa ya kurudi. Mwalimu akasema tukifika Mtwara tupige kwanza mizunguko ya kutua na kupaa ndo tuzime injini.

Mzunguko wa kwanza mwenzangu akaja na mbio. Pale mwishoni spidi inatakiwa iwe kama noti 65, yaani kilomita 120 kwa saa, mi nachungulia begani kwake naona mshale unakaribia 80, na kwa spidi hiyo ndege haikubali kukaa chini, inaelea tu huku lami inaisha. Akailazimisha. Ikagusa, ikadunda kama mpira, naye akasukuma pua chini aiwahi ardhi. Jamani hilo ndo linaloua ndege ndogo, sio ule mdundo wa kwanza, maana gurudumu la mbele halikutengenezwa kupokea kishindo, ya nyuma mawili ndo ya kutulia, ukiligongesha la mbele unadunda tena zaidi na mwisho propela inakula lami.

"Nashika!" Mwalimu huyo, throto, ule mkono wa kuongeza nguvu ya injini, yote mbele, pua akaiweka sawa, flapu, yale mabapa ya nyuma ya mbawa yanayoibeba ndege ikienda polepole, akapunguza kidogo tu kwanza, angezikunja zote kwa mkupuo tungedidimia palepale, akasubiri tupande kweli ndo akamalizia. Mikorosho ikapita chini, hakuna anayeongea.

Akatua mwenyewe, na hakugomba. Alituita mbele ya ndege, akachuchumaa, akapima kwa mkono kutoka ncha ya propela mpaka chini: shubiri moja na vidole vitatu. "Nafasi yenu ndo hii wanangu." Halafu akatupa utaratibu, ukishuka mpaka futi 200 kutoka ardhini unataja kwa sauti spidi, upepo, njia ya kutulia, kimoja kikigoma unaacha kutua unapaa na huniombi ruhusa. Mi naona hili lifundishwe siku ya kwanza kabisa, kwa sababu vijana wengi tunaona kurudi juu ni aibu hasa kukiwa na watu wanatazama, na aibu hiyo inavunja ndege.

Tukapanda tena. Futi 200 mwenzangu akasema, "Spidi 75, haijakaa, napaa," throto mbele, mikono ya mwalimu iko magotini. Mzunguko uliofuata alikuja na 65, magurudumu ya nyuma yakagusa kwanza, pua akaishikilia mpaka ikashuka yenyewe.