Usibebe leso kwenda Nairobi Dam

Nawaandikia mliotoka Nairobi zamani na sasa mnapanga kurudi: bwawa letu halipo tena. Jina lipo kwenye ramani, lakini yale maji mliyoyaacha hamtayakuta.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi. Huko Minnesota, Marekani, ninakoishi, tunaonyana: utakuta barabara zimepanda juu ya barabara, utakuta nyumba mlizocheza nyuma yake zimekuwa magorofa. Hayo yote niliyapokea bila shida. Jumapili nikamwomba mtoto wa kaka yangu anipeleke dam. Ni kijana mkubwa, amelelewa Highrise, mwendo mfupi tu kutoka pale. Akaniuliza, "Dam gani, shangazi?" Nilipomweleza akasema, "Aa, pale kwa majani."

Ni kweli, ni majani. Tuliposhuka nilikuta uwanja wa kijani kutoka ukingo huu hadi ule: gugumaji, matete, na katikati yake vishamba vya nduma, miwa na sukuma wiki. Harufu ilitupokea kabla hatujafika. Mama mmoja alikuwa akipalilia, akanikaribisha vizuri, "Karibu, mum." Nikasimama karibu naye kwenye udongo mweusi, nikapima kwa macho kutoka ukingoni, nikajua kwamba pale niliposimama ndipo boti za matanga zilipokuwa zikipita. Nilikuwa nimesimama ndani ya bwawa na viatu vyangu vikavu. Nikamuuliza anamwagilia kwa maji gani. Akanionyesha mfereji, maji yake meusi yenye povu. Nduma zikikomaa zinakwenda sokoni. Asubuhi ile kaka yangu alikuwa ametuandalia nduma na chai.

Sikulala vizuri usiku huo, na hadi leo ninapoandika sijatulia.

Mliokuwapo mnajua tulichopoteza. Baada ya kanisa mama anatandika leso kwenye nyasi, mandazi yanatoka kwenye kikapu, themosi ya chai inazunguka. Hatukuwa wanachama wa klabu ya boti, na hatukuhitaji kuwa. Tanga jeupe lilikuwa la kila mtu aliyekaa ukingoni. Wanaume walivua samaki, sisi watoto tunarusha mawe na kufukuzwa kwa sababu tunawatisha hao samaki. Mtoto wa Kibera na mtoto wa Lang'ata walikaa kwenye ukingo uleule. Nitajieni sehemu nyingine ya Nairobi iliyokuwa hivyo wakati ule.

Sasa kila ninayemuuliza ananijibu haraka: ni watu wa Kibera, wachafu wale. Jibu hili linaniudhi kuliko harufu. Bwawa lilijengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya jiji. Linalishwa na mto Motoine, unaotoka upande wa Dagoretti na kupita Kibera kabla ya kuingia bwawani. Jiji liliacha maelfu kwa maelfu ya watu wajenge kandokando ya mto huo bila kuwalazia mabomba ya maji taka. Ulitaka choo kiende wapi? Kinyesi, sabuni na tope vilishuka miaka nenda miaka rudi, bwawa likajaa, na gugumaji likapata chakula cha kutosha. Halafu ng'ambo ya pili, upande wa wenye pesa, kuta zilisogea hadi kwenye ardhi ambayo sote tulijua ni ya bwawa. Hao hakuna anayewaita wachafu.

Na uchafu haukomei pale. Maji yakitoka bwawani yanaitwa mto Ngong, yanapita Industrial Area na Mukuru, yanaingia mto Nairobi, kisha Athi, hadi Sabaki na bahari karibu na Malindi. Mafuriko ya 2024 yalipowapiga watu wa Mukuru, nilitazama picha nikiwa Minnesota nikilia. Sasa nimeona kwa macho yangu: bwawa lililojaa tope halina nafasi ya kuyapokea maji ya mvua na kuyapunguza kasi.

Mtaniambia nisilinganishe na Marekani. Nitalinganisha. Wakenya wengi wa Brooklyn Park, mji wa huko Minnesota, wanaijua Coon Rapids Dam, kwenye mto Mississippi. Ilikamilika 1914 kwa ajili ya umeme, na umeme ukasimama 1966. Bwawa lisilo na kazi, si ndiyo? Wakaligeuza bustani ya umma. Unavuka mto mzima kwa miguu juu ya ukuta wake, unatembea vijia vya msituni, unavua samaki, unachoma nyama. Miaka ya karibuni wameukarabati ukuta ule ili uzuie samaki vamizi wasipande mto. Nimekaa pale na watoto wangu nikiwasimulia Nairobi Dam, nikiwaambia siku moja tutakwenda kuona letu.

Mkija na watoto, kwa sasa wapelekeni Karura. Kuna vijia vya kilomita nyingi, maporomoko ya maji, mapango yaliyotumiwa na Mau Mau. Fikeni asubuhi. Msibebe chupa za maji za plastiki wala sahani za kutupa, kwani tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku msituni. Waambieni pia kwa nini msitu ule upo: mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale wakiutetea usigawiwe wajenzi. Nikitembea Karura nafurahi, halafu nakumbuka kwamba bwawa halikupata mtu wa kupigwa kwa ajili yake.

Mwenye picha ya Nairobi Dam likiwa na maji na boti, hata iliyochakaa, anitumie. Nitazichapisha kubwa nizipeleke Highrise na Kibera, vijana waone walichonyang'anywa kabla hawajazaliwa.