Siku moja maishani mwangu: kusoma na rula mkononi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Kampala bado ina kibaridi. Simu naiacha mbali, nasoma dakika 25 za kitabu cha karatasi kuhusu upangaji wa maandishi. Nikizidisha hapo nakusanya kurasa tu. Kwenye kadi naandika jambo moja lenye namba, kwa mfano: mstari unasomeka vizuri ukiwa na herufi 45 hadi 75, nafasi zikihesabiwa. "Maandishi yapumue" siandiki. Hilo utalipima kwa nini?

Saa moja, kwenye taksi, nasoma vibao vya barabarani. Kinachosomeka gari likiwa mbioni kina maneno machache. Basi.

Saa tatu kadi iko mezani, pembeni ya kipeperushi ninachokipanga cha lugha tatu: Kiingereza, Kiluganda na Kiswahili. Karatasi ni A4 ya kukunja mara mbili, kwa hiyo safu ni nyembamba, na hapo Kiswahili ndicho kinachosumbua. "Watakapowasilisha" peke yake ni herufi 17. Ukinyoosha kingo zote mbili za safu, mapengo yanatokea kati ya neno na neno kama meno yaliyong'oka. Nanyoosha kushoto tu, kulia naacha kama kulivyo.

Kosa jingine ni kugawa urefu wa A4, milimita 297, kwa tatu, 99 kila upande. Upande unaoingia ndani unagota kwenye mkunjo na karatasi inavimba. Gawa 100, 100 na 97; ile 97 ndiyo ya ndani. Kumbuka kwamba nyuma ya karatasi mpangilio unageuka.

Saa nane niko Nasser Road, kwa wachapaji. Hapa ndipo ninaposoma zaidi, ingawa hakuna kitabu. Naomba karatasi zilizoharibika, nazitazama kwa kioo cha kukuzia. Maandishi madogo yenye kivuli chekundu au cha buluu ukingoni yametengenezwa kwa rangi zote nne za uchapaji: pleti nne, yaani bamba moja la kuchapia kwa kila rangi, na moja ikisogea kidogo tu herufi inakuwa na pacha. Maandishi yawe nyeusi asilimia 100, rangi nyingine tatu sifuri. Picha za rangi zinazogusa ukingo zivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3, la sivyo kisu kikiyumba utaona uzi mweupe. Karatasi nzito, tuseme gramu 200 kwa mita ya mraba, ipigwe mstari wa mkunjo kwanza. Ukiikunja hivihivi wino unapasuka mgongoni.

Jioni nakula rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, njiani. Sina la kuongeza hapo.

Saa mbili usiku ni zamu ya mradi wa pembeni: kuongeza ŋ ya Kiluganda (sauti ya ng' katika ng'ombe) kwenye fonti isiyo nayo, kwa FontForge, programu ya kutengeneza fonti. Nakopi n, naishushia mkia wa j, naiweka kwenye namba 014B ya Yunikodi, orodha ya kimataifa inayopa kila herufi namba yake. Kubwa yake, 014A, ina maumbo mawili: la N kubwa, linalopendwa na Wasami wa kaskazini mwa Ulaya, na la n iliyokuzwa, lililozoeleka Afrika. Fonti nyingi zinakuja na lile la kwanza, kwa hiyo kadi ya usiku mara nyingi inahusu umbo hilo.

Mwisho naipakia fonti kwenye simu na kuandika "eŋŋoma", yaani ngoma. Zile ŋ zikionekana nene kuliko herufi jirani, simu imeziazima kwenye fonti nyingine. Narudi kwenye faili.