Nuhu haongei mpaka maji yakauke

Juzi usiku nimeirudia ile muvi ya Noah ya 2014 ya mwongozaji Darren Aronofsky, ilipoisha nikafungua Mwanzo sura ya 6 hadi ya 9 nikasoma taratibu, na kuna kitu kilikuwa kinanipita miaka yote. Nuhu haongei. Anaambiwa atengeneze safina, dhiraa 300 kwa 50 kwa 30, anatengeneza. Anaambiwa aingie, anaingia. Siku 40 mvua inanyesha, dunia nzima inakufa, yeye kimya. Neno lake la kwanza liko sura ya 9, ameshalewa divai akalala uchi hemani, anaamka na kusema "Na alaaniwe Kanaani". Yaani gharika yote hiyo mtu hajafungua mdomo, anakuja kuufungua kumlaani mjukuu, mtoto wa mwanae Hamu!

Sasa wewe ndo mwandishi wa skripti, utoe muvi ya masaa mawili na ushee kwenye ukimya huo, lazima utunge tu, ndo maana wanaolalamika kwamba "ameongeza vitu" huwa siwaelewi.

Na Aronofsky stori hii alikuwa nayo toka utoto, akiwa na miaka 13 huko Brooklyn aliandika shairi la Nuhu shuleni, na mwalimu aliyempa kazi ya kuliandika akaja kupewa kasehemu kadogo kwenye muvi. Ila njia ilikuwa ndefu. Muvi yake Pi ya 1998 ilitengenezwa kwa kama dola 60,000, hela za kuchangisha ndugu na marafiki, dola mia mia. The Fountain ndo nusura immalize, Brad Pitt alijitoa 2002 kila kitu kikasimama, ikabidi aiandike upya kwa kama nusu ya bajeti, ikatoka 2006 na haikuuza. Halafu Black Swan ya 2010 ikaingiza zaidi ya dola milioni 300 wakati kuitengeneza haikufika hata 20, na hapo ndo studio ikamwamini na zaidi ya milioni 100 za safina. (Safina yenyewe ilijengwa New York, Oktoba 2012 kimbunga Sandy kikaja wakasimamisha kazi. Gharika kweli kweli.)

Yale majitu ya mawe ya kwenye muvi kiukweli siyapendi, japo najua yametoka kwa Wanefili, majitu ya Mwanzo 6, na Walinzi, malaika walioanguka wa Kitabu cha Henoko, andiko la kale la Kiyahudi. Mimi kilichoniganda ni Hamu. Biblia inasema wana watatu waliingia na wake zao watatu, Aronofsky kawaondoa wawili, kabaki mke wa Shemu tu. Hamu anajitafutia binti mwenyewe, anamkuta kwenye shimo la maiti, wanakimbia msituni, mguu wa binti unanaswa kwenye mtego wa wanyama. Nuhu anatokea, unadhani atamnasua, kumbe anamshika mwanae anamburuta, binti anabaki pale anakanyagwa na umati unaoikimbilia safina. Baada ya hapo huhitaji kuelezwa kwa nini Hamu hamwangalii baba yake usoni, wakati Mwanzo inakupa ugomvi wao bila chanzo, ni ile siku ya ulevi tu basi.

Ulevi nao umo, Nuhu kalala uchi ufukweni, wanae wanamfunika. Nikasubiri laana. Haikuja! Nikarudisha nyuma nikidhani nimesinzia, wapi, Hamu anaaga anaondoka zake peke yake. Akili ikanijia baadaye: Hamu hana mke, kwa hiyo Kanaani hayupo, wa kulaaniwa nani? Maneno pekee ambayo Mwanzo imempa Nuhu ndo hayo hayo muvi imeyaacha, na ni maneno ambayo watetezi wa utumwa kule kule Marekani waliyahubiri miaka na miaka kwamba Hamu ndo sisi Waafrika. Sijui kama aliwaondoa wale wake kwa ajili ya hilo au ni mahesabu ya skripti tu. Leo usiku naiangalia tena kuanzia pale kwenye mtego.